Kisanduku cha Septemba

Jumatatu, 13 Januari

Nimerudi kazini. Likizo ya msiba, likizo ya mwaka, na ile ya bila mshahara – nimezila zote mpaka sahani nikailamba. Bosi alisema ningeweza kuongeza wiki. Nikamwambia asante, hapana. Nyumbani kuna nini? Kiti kimoja ambacho hakikumalizwa kushonwa, na ukimya. Heri kelele za printa.

Wenzangu wamenisalimia kwa sauti ya chini, kama niko wodini mimi. Pole, dada. Pole sana. Nimeitikia nimeshapoa, ndivyo tunavyojibu hata moto ukiwa bado unawaka. Uongo mtupu! Sijapoa hata kidogo.

Msimu wa visanduku umeshapamba moto. Kila mwaka ni yaleyale. Mfuko wetu wa bima ya afya lazima uipelekee mamlaka ya kodi taarifa za kila mtu aliyekuwa na bima yetu mwaka uliopita: jina, namba ya mlipakodi, na miezi aliyokuwa na bima. Visanduku kumi na viwili kwa kila kichwa. Mwezi wenye bima, alama. Mwezi usio na bima, pengo. Mwisho wa Februari faili linaondoka, na likiondoka na makosa faini ni yetu. Wengine hapa wanaichukia kazi hii. Mimi naipenda. Naipenda kwa sababu haina huruma na haina chuki.

Jumanne, 14 Januari

Leo nimemfundisha msichana mpya wa kaunta ile kanuni ya siku moja. Mtu akiwa na bima siku moja tu ndani ya mwezi, mwezi mzima unahesabiwa. Akijiunga tarehe thelathini, alama. Akitoka tarehe mosi, alama. Siku moja ni mwezi mzima, basi.

Katikati ya kusema sauti ikanikatika. Nilikumbuka siku nilipomweleza mume wangu, Fundi, kanuni hiyohiyo. Alikuwa na misumari midomoni, anapigilia kitambaa kwenye kiti cha mteja. Akaitema kiganjani akacheka. "Yaani Mama Ripoti, nikija kwako kunywa chai dakika tano, utaandika nimekaa mwezi?" Nikamwambia ndiyo, na kodi utalipa. Tulicheka wee!

Msichana akaniuliza kama nataka maji. Nikamwambia ni vumbi la mafaili.

Ijumaa, 17 Januari

Naandika chooni, daftari liko magotini.

Ofisini kwetu hakuna anayegusa rekodi ya familia yake. Yangu iko kwa Jirani. Ndivyo ninavyomwita, maana meza zetu zimegusana miaka tisa, na hata stepla tunachangia. Leo amekwenda kuchukua chai akaacha skrini wazi. Sikukusudia kuchungulia. Haya, nilikusudia.

Jina langu, visanduku vyote vimejaa. Chini yangu, mtegemezi: mume. Januari alama, Februari alama, mpaka Agosti alama. Septemba – pengo.

Pengo!

Fundi alifariki tarehe mosi Septemba. Nani anajua kuliko mimi? Nilikuwepo! Nilikuwa nimekesha naye usiku tatu mfululizo, na Jumamosi ile wifi yangu akanifukuza wodini: nenda kaoge, kalale, leo zamu yangu, ni kaka yangu pia. Nikaenda. Usiku akanipigia simu: njoo. Nikakodi gari. Nilipopita korido ya hospitali, saa ya ukutani ilikuwa imeshavuka saa sita, nikajua tumeshaingia Jumapili na mwezi mpya. Wifi alikuwa amekaa upande ule wa kitanda. Akanivutia kiti. Nikaingiza mkono chini ya blanketi nikamshika Fundi mkono, wifi naye akaingiza wake, mikono yetu yote pamoja. Wake ulikuwa na joto. Nikamwuliza: Fundi, unanisikia? Fundi wangu, nimekuja, unanisikia? Akaniminya. Mara mbili, harakaharaka, kama alivyokuwa akibonyeza sponji ya kiti kuona kama imejaa.

Halafu nesi akaja, akamwangalia, akaniambia pole mama.

Nimebaki na hayo tu. Sina mtoto naye, sina picha nzuri, sina neno la mwisho. Nina kuminywa mkono mara mbili tarehe mosi Septemba. Sasa pengo hili linasema nini? Kwamba nilipofika alikuwa ameshakwenda? Kwamba nilikuwa nazungumza na nani?

Ni kosa. Lazima liwe kosa.

Jumatatu, 20 Januari

Nimemvaa Jirani asubuhi hata kabla hajavua koti. Amenionyesha: tarehe imetoka kwenye bili ya hospitali, wameandika Agosti thelathini na moja. Nikacheka kwa nafuu. Kumbe hilo tu! Kosa hilo nalijua kama mfuko wangu. Mtu wa zamu ya usiku anaingia kazini jioni ya thelathini na moja, anaandika thelathini na moja mpaka kunakucha. Kwake usiku ni mmoja. Saa sita inampita hivihivi. Nimeshasahihisha makosa ya namna hiyo mara chungu nzima.

Nikamwambia basi sahihisha. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasema dada, unajua. Nikamwambia najua nini? Akasema uthibitisho. Cheti cha kifo, au hospitali iandike upya.

"Uthibitisho ni mimi! Nilikuwepo!"

Watu wa meza za nyuma wakageuka. Akasema kwa upole kwamba mwaka juzi kulikuwa na mzee mmoja aliyelia hapa kaunta kwa ajili ya mwezi wa mkewe, na mimi nilimwambia machozi si kiambatisho. Kweli nilisema hivyo. Siwezi kukana.

Cheti sina. Karatasi zote za msiba alizishika wifi. Mimi siku zile nilikuwa sijui hata viatu vyangu viko wapi.

Alhamisi, 23 Januari

Leo nimepokea barua kutoka ofisi yangu. Kwa posta! Imetoka ghorofa hii hii, ikazunguka mji mzima, ikanirudia mezani.

"Mpendwa Mwanachama. Kumbukumbu zetu zinaonyesha taarifa za mtegemezi wako zina utata. Tunakuomba uwasilishe uthibitisho mapema iwezekanavyo. Kuuliza si ujinga: piga namba zifuatazo."

Hiyo ya kuuliza si ujinga niliitia mimi, miaka miwili iliyopita. Niliona inapendeza. Bosi akaisifu. Leo nimeisoma nikatamani kuitafuna.

Utaratibu ni huu: taarifa ikikosekana, mwanachama anaulizwa mara tatu. Akinyamaza mara zote tatu, mfuko umetimiza wajibu wake, faili linatumwa kama lilivyo, na hakuna wa kulaumiwa. Hii ni ya kwanza. Jirani ameituma kwa sababu ndivyo inavyotakiwa. Amejificha kwenye kabati la mafaili karibu saa nzima, anajifanya anatafuta kitu.

Jumapili, 26 Januari

Kwa wifi. Anaishi nyuma ya soko, chumba cha mbele ni duka lake la kushona mito na foronya. Yeye na Fundi walifundishwa kazi na baba yao, mmoja mbao na misumari, mwingine uzi na sindano. Viti vyote vya Fundi alivivisha yeye.

Tumekunywa chai. Tumelia kidogo. Nikamwomba cheti cha kifo. Akasema kiko kabatini. Nikamwambia haya. Akasema ufunguo wa kabati hauoni. Nikasema tuutafute wote. Akasema wifi, umekonda, unakula lakini?

Nimerudi mikono mitupu. Na bakuli la mboga.

Jumatano, 5 Februari

Jirani amesema ameipigia hospitali. Wamesema kumbukumbu zao ziko sawa. Nikamwambia hata mimi ningesema hivyo. Nani aliwahi kupigiwa simu akasema zetu haziko sawa?

Sili vizuri. Silali vizuri. Nimekaa kwenye kile kiti chake, chenye mkono mmoja uliovikwa na mwingine mbao tupu. Springi zinanichoma. Nakaa hivyohivyo.

Jumapili, 9 Februari

Wifi tena. Ufunguo umeonekana, sasa kabati limekwama. Mvua zimevimbisha mbao, anasema. Mvua zipi? Nimeushika mlango mwenyewe nikavuta – ameuzuia kwa nyonga yake huku anazungumza habari za bei ya sponji! Mwanamke mzima, fundi, binti wa fundi, hawezi kufungua kabati?

Nikamwambia wifi, nahitaji tarehe tu. Akasema tarehe za nini, kaka amekwenda, utamrudisha kwa tarehe? Nikamwambia nataka mwezi wake. Mwezi mmoja. Anastahili.

Alichukua mto uliokuwa umekwisha kushonwa, akaubonyeza mara mbili katikati, harakaharaka, akautupa kwenye rundo. Kama kaka yake kabisa! Machozi yakanitoka njia nzima.

Jumatatu, 17 Februari

Barua ya pili. "Mpendwa Mwanachama."

Mimi si mpendwa wa mtu tena. Aliyenipenda yuko chini ya udongo, na hata kufa kwake kuna utata.

Alhamisi, 20 Februari

Bosi ameniita. Amesema taratibu, mlango umefungwa, kwamba kazi yangu ni nzuri, hakuna aliyepunguza makosa kama mimi mwaka huu. Lakini nimekuwa mkali. Nimemliza msichana wa kaunta kwa sababu ya namba moja ya mlipakodi. Akaniuliza, kwani Septemba ile ikiwa na alama, au isiwe nayo, mtu gani anapata hasara? Hakuna kodi inayobadilika.

Nikamwambia ndiyo, hakuna.

Angenielewa vipi? Mwaka mzima tunawajaza watu alama na mapengo. Hakuna anayejua usiku wa mtu umelala ndani ya kisanduku. Hata mimi sikujua.

Jumapili, 23 Februari

Sijui niandikeje. Niandike tu.

Nilikwenda kwa wifi asubuhi, sikubisha hodi hata mara moja. Alikuwa kwenye cherehani. Nikasimama mbele yake nikamwambia Ijumaa faili linaondoka. Nipe cheti, au niambie kwa nini hutaki. Leo siondoki.

Akaendelea kushona mpaka mwisho wa upindo. Akakata uzi kwa meno. Akasema, "Kaa, wifi."

Nikakataa kukaa.

Akasema, "Kaka aliondoka wewe ukiwa njiani."

Nikamwambia si kweli.

"Saa tano na nusu hivi. Nilipokupigia alikuwa bado anapumua. Nilipokata simu, nikageuka, akavuta pumzi moja ndefu, basi. Nesi alitaka kumfunika uso. Nikamwambia niachie. Mke wake yuko njiani, amekesha naye usiku tatu, asije akapokewa na shuka. Nikamshika mikono ili isipoe. Naisugua. Nikambembeleza nesi akae nje mpaka nimwite."

Nikamwambia aliniminya. Wifi, aliniminya mkono. Mara mbili!

Akafunika uso kwa kile kitambaa alichokuwa anashona. Ndani ya kitambaa akasema, "Ulimwuliza, Fundi, unanisikia? Kimya. Ukamwuliza tena. Kimya. Ulipofungua mdomo mara ya tatu nikashindwa, wifi yangu. Nikashindwa. Mkono wangu ulikuwa palepale."

Nilikaa.

Mficha maradhi kilio humuumbua, wanasema. Yeye kilio chenyewe ndicho alichokificha, ndani ya ngumi yake, chini ya blanketi. Na mimi nimekuwa nikiwasimulia watu! Mazishini nimewasimulia. Kazini nimewasimulia. Alinisikia, aliniaga, alinisubiri. Wanawake wananiambia una bahati. Na yeye amekaa pembeni ananisikiliza, anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo.

Nilimwambia maneno mabaya. Siyaandiki. Nikaondoka, cheti sikuchukua.

Jumatatu, 24 Februari

Kimya.

Jumanne, 25 Februari

Nimesahihisha rekodi mia mbili na kitu. Bosi amefurahi. Sijui nimefanyaje.

Hasira zinanipanda nikimkumbuka wifi, halafu namwona amekaa peke yake na maiti ya kaka yake, anamsugua mikono ili isipoe, kwa ajili yangu. Yeye alimlilia saa ngapi? Hakupata nafasi. Alikuwa ananisubiri mimi. Hasira zinashuka. Halafu nakumbuka mkono ule, zinapanda tena.

Fundi, mbona hukunisubiri hata kidogo? Nusu saa tu! Ningekupa mwezi mzima.

Ijumaa, 28 Februari

Naandika ofisini, siku ya mwisho. Kila mtu anapiga makelele ya kufurahi kama wanafunzi wa siku ya kufunga shule. Rekodi zote ziko tayari. Faili linaondoka jioni kabla ya saa kumi na moja.

Asubuhi Jirani aliniambia kwa kunong'ona nisogee. Akanionyesha skrini. Januari alama, Februari alama, mpaka Agosti alama. Septemba – alama.

Nikamwuliza umepata wapi uthibitisho? Akasema hakupata. Akasema dada, miaka tisa nimekuona hupindishi hata nukta, wala hujawahi kuniomba kitu zaidi ya stepla. Barua ya tatu sikuituma. Nimekupa Septemba yako. Mamlaka ya kodi haitafilisika kwa kisanduku kimoja.

Mtu huyu! Ameweka kazi yake rehani kwa ajili ya uongo wangu, naye hajui kwamba ni uongo. Mimi mwenyewe sikuujua mpaka Jumapili. Nilitaka kumwambia futa. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Nikaitazama ile alama ndogo, nikamwona Fundi na misumari midomoni, Mama Ripoti, nikija dakika tano? Nikamwambia ngoja kidogo.

Mchana

Wifi amekuja! Mlinzi amempandisha juu. Amevaa nguo yake nzuri, ana bahasha. Hajawahi kufika hapa. Amesimama katikati ya meza zetu anatazama printa, anatazama watu, mpaka aliponiona. Watu wakapisha.

Nilimpa kiti. Ameweka bahasha mezani, akaigeuza uso chini. Akasema kabati limefunguka. Hakuna aliyecheka kati yetu. Akasema niandike ukweli, au niandike nitakavyo, yeye hataniuliza tena. Akasema amezoea kulala na siri ile lakini hawezi kulala bila mimi kumsalimia. Akachukua mkono wangu, ule uliokuwa na kalamu. Kalamu ikaanguka. Akauminya.

Mara mbili, harakaharaka.

Ni uleule. Ee Mungu wangu, ni uleule. Ningeutambua hata gizani – na gizani ndiko nilikoutambulia. Miezi hii yote nimekuwa nikiulilia, nikiuota, kumbe ulikuwa nyuma ya soko unashona foronya.

Sikuuvuta mkono wangu. Nilitaka, sikuweza.

Mwandiko mbaya, naandika kwa kushoto. Wifi amefumba macho, bado amenishika. Bahasha iko palepale, sijaigeuza. Jirani anadhani naandika hesabu. Ameinama juu ya meza zetu, mkono wake uko kwenye kipanya.

Ameniuliza: dada, Septemba ibaki au nifute?

Wifi ameongeza kunishika.

Bosi amepiga kelele kutoka mlangoni, mbona faili haliondoki. Jirani ameuliza tena. Ibaki, dada?

Mkono wa wifi una joto. Wangu ndio wa baridi. Sasa Jirani amenigeukia kabisa, amevua miwani, anafungua mdomo kuuliza mara ya tatu, na mimi